Kabla Fundi Hajapiga Windows: Kurudi Toleo la Zamani Bila Kupoteza Mafaili

Kwenye ukoo wetu mimi ndo napigiwa simu kila laptopu ikianza mbwembwe. Sio kwamba nina duka, hapana, niliwahi tu kumsaidia shangazi printa yake ikakubali, basi imetoka hiyo, namba yangu ikasambaa mpaka kwa watu nisiowajua. Na tangu ijulikane kwamba Windows 10 ingekatiwa apdeti za bure za usalama tarehe 14 Oktoba 2025, simu zenyewe zimekuwa utadhani anapiga mtu mmoja: "Mwanangu, nilibofya ile apdeti ya Windows 11, sasa mashine imekuwa nzito, printa haionekani, ile programu ya ofisini haifunguki, fundi kaniambia niilete apige Windows upya, we unasemaje?"

Mi nasemaga subiri kwanza. Usiipeleke popote, usifute kitu, usiinstoli kitu, niambie tu ulibofya lini.

Sina ugomvi na mafundi, tena wale wa Kariakoo na wa vibanda vya karibu na vyuo nawapa heshima yao, mtu anafungua mazabodi anachomelea kitu kidogo kuliko punje ya mchele na mashine inawaka. Ila kupiga Windows imekuwa panadol, unaumwa kichwa unapewa, unaumwa goti unapewa. Na kabla ya kupiga huwa kuna swali moja linaulizwa mlangoni kwa haraka haraka, "una vitu vya muhimu humu?", na mwenye mashine naye ana haraka anajibu "vipo desktop na kwenye documents tu", fundi anakopi hizo folda mbili kwenye diski yake, anaformati, anakurudishia laptopu safi inakimbia. Unafurahi. Wiki inaisha ndo unakumbuka mahesabu ya duka yalikuwa ndani ya ile programu, na paswedi zako zote zilikuwa kwenye brauza, na ile database ya projekti ya chuo haikuwa desktop wala documents. Hapo imekula kwako.

Kwaiyo mimi tatizo naliona hivi: wewe una maana yako ya "mafaili yangu", fundi ana yake, na Windows yenyewe ina yake, na hizo tatu hazifanani hata kidogo. Hata kile kitufe cha Microsoft cha kurudi nyuma, ambacho ni kizuri na watu wengi hawajui kama kipo, kinatunza mafaili kwa maana yake yeye, sio kwa maana yako. Ukishalijua hilo yaliyobaki ni kubofya tu.

Tuanze na hicho kitufe basi. Ukipandisha Windows 10 kwenda 11 juu kwa juu, yaani bila kuformati, ile ya zamani haifutwi palepale. Inasukumwa kwenye folda inaitwa Windows.old ndani ya diski C, na kuna nyingine imefichwa inaitwa $WINDOWS.~BT ambayo imebeba vitu vya kuisaidia kurudi. Ukienda Settings, halafu System, halafu Recovery, utaona kitufe kimeandikwa Go back. Ukikibofya mashine itakuuliza kwa nini unaondoka, jibu lolote tu, itakuuliza kama hutaki kujaribu apdeti kwanza, kataa, itakukumbusha kwamba lazima uijue paswedi uliyokuwa unatumia kwenye Windows ya zamani, halafu itazima na kuanza kuipandisha ile ya zamani kwenye kiti chake. Kwenye SSD, yaani diski ya kisasa isiyozunguka, ni muda wa kunywa chai na maandazi, kwenye diski ya zamani ya kuzunguka nenda hata sokoni urudi. Chomeka chaji, hilo usibishane nalo, na kama mtaani kwenu umeme unakatika katika basi hakikisha betri yenyewe ina moyo, maana kukatika katikati ya hiyo safari sio mambo mazuri.

Picha zako, dokumenti zako, hata zile ulizotengeneza baada ya kupanda Windows 11, zinabaki. Vinavyoondoka ni programu na driva (viprogramu vya kuiwezesha Windows kuongea na printa na vifaa vingine) ulizoinstoli baada ya kupanda, na mabadiliko ya setingi uliyofanya huko huko juu. Sasa watu wanaposikia "programu zitaondoka" wanaona kawaida, nitainstoli tena, sawa, ila jiulize hiyo programu data yake inaiweka wapi. Nitarudi hapo.

Shida ya kitufe chenyewe ni kwamba kina siku 10 tu. Windows 10 ilipotoka Julai 2015 ilikuwa inakupa siku 30, halafu mwaka 2016 wakapunguza zikawa 10, na mpaka Windows 11 mambo ni yaleyale. Siku 10 zikiisha Windows inaifuta Windows.old yenyewe, kimya kimya, kitufe kinakuwa cha kijivu, ukibofya hakuna kitu. Na kwa maisha yetu siku 10 ni chache mno, mtu anapandisha Windows Jumapili, wiki nzima anaangaika na kazi akidhani uzito utaisha wenyewe, wiki ya pili anauliza uliza kwenye grupu la WhatsApp, akinipigia mimi muda ushapita.

Lakini hizo siku unaweza ukaziongeza, na hii ndo kitu naomba uikariri kama umepandisha Windows jana au juzi. Tafuta Command Prompt kwenye menyu ya kuanzia, bofya kulia, chagua kuifungua kama administrator, andika hivi:

DISM /Online /Set-OSUninstallWindow /Value:60

Hapo umejipa siku 60. Ndo mwisho wake, zaidi ya hapo haiendi. Ukitaka kuona dirisha lako limewekwa la siku ngapi kwa jumla unaandika DISM /Online /Get-OSUninstallWindow inakuonyesha namba. Ila lazima uifanye kabla siku 10 hazijaisha, sio baada, baada folda haipo na hakuna amri ya kumfufua marehemu.

Na siku sio kitu pekee kinachoiua Windows.old. Inakula nafasi, GB 15, 20, saa ingine zaidi, na laptopu nyingi tunazonunua za mtumba zina SSD ya GB 128 au 256, kwaiyo mtu anaona C imekuwa nyekundu, anafungua Disk Cleanup, kisafishio cha diski cha Windows yenyewe, anatiki kila kisanduku anachokiona ikiwemo kile cha Previous Windows installations, anaona amepata GB nyingi anafurahi. Umeshajikatia daraja. Zile programu za "kusafisha kompyuta" ndo usiseme, zinaifagia bila hata kukuaga. Halafu kwa kuwa tumegusa Disk Cleanup, kuna kipindi kwenye Windows 10 toleo 1809 waliweka na folda ya Downloads kwenye ile orodha ya vitu vya kufuta, na sisi sote tunajua kwamba kwa watu wengi Downloads ndo kabati la maisha yao, vyeti, mikataba ya nyumba, kila kitu kipo Downloads.

Kuna kundi lingine hiki kitufe hakiwahusu kabisa. HP EliteBook 840 G3, ThinkPad T460, Dell Latitude E7470, hizi zimejaa madukani na ni mashine ngumu kweli kweli, lakini prosesa zake ni kizazi cha sita, na Windows 11 kwa utaratibu wa Microsoft inataka Intel kizazi cha nane kwenda mbele ukiacha wachache sana wa cha saba, pamoja na TPM 2.0, chipu ya usalama. Kwaiyo nyingi unazokuta zina Windows 11 zimepigwa kwa flashi iliyotengenezwa na Rufus, programu ya kutengenezea flashi za kupigia Windows, ikaruka hayo masharti. Mi sioni dhambi, inafanya kazi. Ila kama muuzaji aliipiga kwa kuformati, Windows.old haijawahi kuwepo, hakuna pa kurudi, Go back itabaki picha. Wewe nenda moja kwa moja kwenye njia ya flashi nitakayoisema chini.

Sasa turudi kwenye mafaili.

Windows ikisema inatunza mafaili yako, macho yake yako kwenye C:\Users, ndani ya folda yenye jina lako, kwenye Desktop, Documents, Downloads, Pictures, Music, Videos. Ukitumia ile njia nyingine ya Reset this PC na kuchagua Keep my files, watu wanaichanganya sana na Go back lakini ni vitu viwili tofauti, Reset inakupigia Windows ileile uliyonayo upya, hairudi kwenye toleo la nyuma, na inaacha hizo folda lakini inafuta Program Files, ProgramData na ile AppData iliyojificha ndani ya folda yako. Na maisha ya watu yako AppData bwana. Brauza inaweka humo paswedi, historia na bukumaki. Outlook ya zamani inaweka humo faili la barua za akaunti ya ofisini. Ukiinstoli MySQL, ile programu ya database, kwa instola yake ya kawaida database zinakaa C:\ProgramData\MySQL, ambapo mwanafunzi wa mwaka wa tatu hajawahi kufika hata siku moja kwa sababu folda yenyewe imefichwa. Programu za mahesabu za zamani kuna zinazoweka data ndani ya Program Files humohumo zilikoinstoliwa.

Na usije ukadhani dawa ni kukopi AppData yote kwenye flashi. Paswedi za Chrome kwa mfano zimefungwa kwa ufunguo unaotokana na akaunti yako ya Windows, ukipeleka lile folda kwenye Windows nyingine utakuta bukumaki zipo lakini paswedi hazifunguki. Paswedi unazitoa kwa kuziekspoti ukiwa bado ndani, au unawasha usawazishaji na akaunti yako ya Google unaacha zipande zenyewe. Database unaekspoti ziwe faili la .sql, hata kama unatumia XAMPP (kifurushi cha kutengenezea tovuti kwenye mashine yako) fungua phpMyAdmin, ukurasa wake wa database, bofya Export, halafu ndo unakopi na htdocs, folda ya tovuti yenyewe. Programu ya mahesabu ina bekapu ndani yake, karibu zote zina menyu hiyo, tumia hiyo, usikopi folda kwa kubahatisha.

Mtu akija kwangu na laptopu huwa simuulizi una mafaili gani muhimu. Namuuliza wiki iliyopita ulifungua nini na nini kwenye hii mashine, taja zote. Hapo ndo utasikia "aah, kuna ile ya kutolea risiti", "kuna ya kuchapa kadi za michango", na kila moja tunaifungua tunaangalia inahifadhi wapi. Inachukua muda na mwenye mashine anaanza kuniona mjuaji, basi sawa.

Kama unadhani nazidisha, hata Microsoft wenyewe waliwahi kukosea hapohapo. Tarehe 2 Oktoba 2018 waliachia ile 1809 niliyoitaja, na watu wakaanza kulalamika Documents tupu, picha hakuna. Tarehe 6 wakaisimamisha, ikarudi tena 13 Novemba. Walipoeleza ilikuwa hivi: kuna watu walikuwa wamehamisha folda zao, labda Documents imetolewa C ikapelekwa D, au imepelekwa OneDrive, lakini folda ya zamani ikabaki palepale na mafaili yake mengine ndani. Apdeti ikaja ikaona hizi folda za zamani ni mabaki hayana kazi, ikayafuta na vilivyomo. Microsoft walisema walioripoti ni asilimia 0.01 tu ya waliopandisha, sawa ni wachache, ila ukiwa wewe ndo hiyo sifuri nukta sifuri moja unalia kama kawaida. Na kuna watu wa majaribio walikuwa wameripoti kabla, zikapotelea kwenye lundo la ripoti. Walioathirika wakaambiwa waitumie mashine kidogo iwezekanavyo na wawasiliane na Microsoft, na ushauri huo ni mzuri popote pale, faili likipotea acha kuandika vitu vipya kwenye hiyo diski.

Halafu Februari 2020 ikaja nyingine, apdeti KB4532693, mtu anawasha anakuta desktop mpya kabisa kama mashine imetoka kwenye boksi. Hii haikufuta kitu. Windows ilimwingiza mtu kwenye akaunti ya muda, na folda yake halisi ikawa imebadilishwa jina pale C:\Users, mwishoni imewekwa .000 au .bak. Kwaiyo ukirudi nyuma ukakuta desktop tupu usipige kelele kwanza, ingia C:\Users uhesabu folda. Na hata baada ya Go back kama kuna ujinga umetokea, mi ndo pa kwanza naangalia.

Kuna mitego miwili ambayo zamani haikuwepo, na sahivi ndo inaliza watu kuliko hizo siku 10.

Wa kwanza OneDrive, stoo ya mtandaoni ya Microsoft. Unapoweka akaunti ya Microsoft kwenye laptopu inakubembeleza uwashe bekapu ya Desktop, Documents na Pictures, unabofya ndiyo kwa sababu bekapu ni kitu kizuri si ndio, na kuanzia hapo Documents yako haipo tena C:\Users\jina\Documents, ipo C:\Users\jina\OneDrive\Documents. Tena sio yote ipo kwenye mashine. Mafaili yenye alama ya kawingu ni ganda tu, lenyewe liko mtandaoni na litashuka ukilifungua ukiwa na bando. Fundi akizima intaneti akakopi, hayo ya kawingu hayaendi, na akiwasha kwa flashi ya Linux, mfumo mwingine mbadala wa Windows, ndo hayafunguki kabisa. Na bure unapewa GB 5, zikijaa inaacha kupandisha vipya, kwaiyo unaweza kuwa na mafaili nusu yapo juu tu na nusu yapo chini tu. Kabla ya kurudi nyuma bofya kulia kwenye folda yote ya OneDrive chagua Always keep on this device, subiri alama ziwe za kijani zote, kama bando halitoshi nenda penye waifai ya ofisini, ndo unaendelea.

Wa pili BitLocker, kufuli la Windows la kufungia diski nzima. Laptopu mpya zinazotoka na Windows 11, hasa kuanzia toleo 24H2, zinaifunga diski yenyewe ukishaingia na akaunti ya Microsoft, hakuna anayekuuliza. Siku zote huoni tofauti. Siku ukiingia kwenye ile skrini ya bluu ya kurekebisha mashine, au ukigusa BIOS, yaani setingi za ndani zinazowaka kabla ya Windows, inakudai namba ya tarakimu 48. Hiyo namba inahifadhiwa kwenye akaunti ya Microsoft iliyotumika mwanzo, unaipata aka.ms/myrecoverykey. Sasa hebu fikiria laptopu ambayo muuzaji aliiwasha dukani akaweka akaunti yake yeye ili amalize haraka. Namba yako iko kwake. Ingia kwenye Command Prompt ya administrator andika manage-bde -status, kama inasema imefungwa itafute hiyo namba uiandike kwenye karatasi, au izime kabisa kwenye setingi na usubiri imalize kufungua diski yote, ndo ufanye mengine. Hii fanya leo hata kama huna mpango wa kurudi nyuma.

Haya, siku 10 zimeisha, au Go back inasema haiwezekani. Bado kuna njia, na hapa ndo natofautiana na fundi wa kuformati.

Kwanza uliza kama kweli unahitaji kurudi Windows nzima. Saa ingine kilichokukera sio Windows 11, ni apdeti moja ya mwezi huu. Hiyo unaitoa peke yake kwenye Windows Update, Update history, Uninstall updates. Au kuna System Restore, ipo tangu Windows Me ya mwaka 2000 na bado inafanya kazi, andika rstrui kwenye sehemu ya kutafutia, chagua tarehe kabla ya mambo kuharibika, inarudisha faili za mfumo na driva bila kugusa dokumenti zako. Ubaya wake kwenye mashine nyingi huwa imezimwa, unaifungua unakuta hakuna tarehe hata moja. Na driva ya printa peke yake, kwa kweli, tafuta driva kwanza. Nimeona watu wanataka kurudisha Windows nzima kwa sababu ya printa ambayo ilihitaji driva ya dakika chache kushusha.

Kama bado unataka Windows 10, unatengeneza flashi ya GB 8 kwenda juu kwa kutumia Media Creation Tool ya Microsoft, unawasha mashine kwa hiyo flashi, unafika penye kuchagua aina ya usakinishaji, unachagua Custom. Hapo unaonyeshwa patisheni, yaani vipande vilivyogawanywa vya diski, na hapa ndo mkono wa fundi wa kuformati unapowasha. Usiformati. Usifute patisheni. Chagua ileile patisheni yenye Windows, bofya Next. Itakutolea onyo kwamba kuna Windows humo na mafaili yake yatahamishiwa kwenye folda inaitwa Windows.old. Kubali. Ikimaliza utakuta Windows 10 mpya haina programu hata moja, lakini ukifungua C:\Windows.old\Users\jina lako, kila kitu kipo, hata AppData, hata ProgramData iko mlango wa pili. Itakuuliza ruhusa bofya Continue. Unahamisha vyako taratibu. Ila kumbuka folda hiyo ina tabia ya kufutwa yenyewe, kwaiyo hamisha siku hiyohiyo, usiifanye stoo. Inahitaji diski iwe na nafasi ya kutosha, na kama BitLocker ilikuwa imewaka uwe umeizima kabla. Leseni usiwe na wasiwasi nayo sana, mashine iliyokuwa na Windows 10 halali inatambuliwa kwa vifaa vyake, inajiaktiveti ikipata intaneti.

Na hata njia hii nisingeigusa kabla sijakopi nje. Diski ya nje ya mtumba, flashi mbili, laptopu ya jirani, popote, ilimradi sio patisheni D ya diski ileile. Watu wanaiamini sana D. Diski ikifa inakufa na herufi zote.

Mashine ikigoma kuwaka kabisa? Izime kwa lazima ikiwa inajaribu kuwaka, rudia mara mbili tatu, itakupeleka yenyewe kwenye skrini ya kurekebisha, pale Troubleshoot, Advanced options, Uninstall Updates, kuna chaguo la kutoa apdeti ndogo na la kutoa toleo zima, hilo la pili ni kama Go back na linategemea Windows.old vilevile. Likikataa unatafuta flashi ya Ubuntu au Linux Mint, unawasha bila kuinstoli, unafungua diski kama folda ya kawaida, unakopi. Inaweza ikasema diski ni ya kusoma tu kwa sababu Windows haikuzimwa vizuri. Sawa tu, kwani si tunataka kusoma?

Kitu kimoja kuhusu kuokoa vilivyofutwa. Zamani na diski za kuzunguka fundi akiformati kwa bahati mbaya unakimbilia programu za kurudisha mafaili na unapata mengi. SSD sio hivyo, ina kitu kinaitwa TRIM, mfumo unaiambia diski hizi sehemu hazitumiki tena na yenyewe inazifagia, na mara nyingi ikishafagia hakuna cha kurudisha. Kwaiyo ule ujasiri wa "ikipotea tutarikava" uliisha na diski zake.

Wenye Mac hamna hiki kitufe, kurudi toleo la nyuma ni kufuta diski na kuinstoli upya halafu kurudisha vitu kutoka Time Machine, bekapu ya Mac yenyewe, kama uliwasha. Wa Linux wana Timeshift, programu ya kurudisha mfumo nyuma, nzuri sana, ila kwa kawaida haigusi folda yako ya nyumbani, inarudisha mfumo na kukuachia mafaili yako jinsi yalivyo, na mi naona ndo inavyotakiwa.

Kama kweli urudi au usirudi, kwa maoni yangu inategemea mashine. Laptopu yenye RAM ya GB 4 na diski ya kuzunguka usiisumbue na 11, lakini hata 10 haitakuwa na raha, weka SSD kwanza ndo tuongee, watu wengi wakishaweka SSD wanaacha kulalamika kuhusu toleo. Ukirudi Windows 10 hakikisha ni 22H2, ndo ya mwisho, na ndo inayokubalika kwenye ule mpango wa kuongezewa apdeti za usalama, kwa mtu binafsi waliupanga ufike tarehe 13 Oktoba 2026, unajiunga kwa dola 30 au kwa kukubali kusawazisha setingi zako na akaunti ya Microsoft bila kulipa. Ukikaa na Windows 10 bila hizo apdeti halafu unafanyia humo miamala ya benki, hapo mi sipo.

Ukisharudi, nenda Windows Update usimamishe apdeti kwa wiki kadhaa ufungue mafaili yako moja moja kwanza, usiridhike na kuona majina tu. Halafu ujue kwamba kama mashine yako ina sifa za 11, lile tangazo la kukukaribisha juu litarudi, tena skrini nzima, na kitufe cha kukataa wamekiandika kwa maandishi madogo pale chini. Ukikibofya kile kikubwa kwa bahati mbaya, Windows.old mpya inatengenezwa na siku 10 zinaanza kuhesabiwa upya.